Somo la 27: Safari ya Tonge Katika Mwili

Watoto, jana jioni mlikula bugali na maharagi. Leo asubuhi mmekuja shuleni mkikimbia. Sasa mnasoma, mnaandika, mnaimba. Nguvu hizo mmezipata wapi? Kila mmoja atajibu: «Katika chakula.» Jibu ni kweli, lakini halijaisha. Bugali si mguu, wala haragi si damu. Yatupasa kujua chakula chapita njia gani hata kigeuke kuwa nguvu, nyama na damu ya mtu.

Kwanza shikeni neno moja, maana somo lote limesimama juu yake: chakula kilicho tumboni bado hakijaingia mwilini.

Mwashangaa? Sikilizeni. Toka kinywani mpaka mahali choo kinapotokea pana njia moja tu, kama bomba refu la mita 8 au 9 lililokunjwakunjwa. Chakula kilicho ndani ya bomba hilo ni kama mgeni aliyeketi barazani. Amefika kwenu, ndiyo, lakini hajaingia nyumbani. Ili aingie, lazima apite mlangoni. Na milango ya mwili ni midogo sana, jicho haliioni. Tonge halipiti. Punje ya mchele haipiti. Hata chembe ya unga haipiti. Basi chakula lazima kivunjwevunjwe hata kiwe kidogo kuliko vumbi. Kazi hiyo wazee waliiita kuyeyusha chakula. Vitabu vya leo vyaiita kumeng’enya.

1. Kinywani

Kazi yaanza kinywani. Meno ya mbele hukata, magego husaga, ulimi hugeuza tonge huku na huku. Wakati huohuo mate hutoka chini ya ulimi na pande za mashavu. Kwa siku moja mtu hutoa mate kama lita moja, pengine zaidi.

Je, mate ni maji tu ya kulainisha? Tufanye jaribio. Kila mtoto atwae tonge dogo la bugali mtupu, lisilotiwa mboga wala mchuzi. Alitafune polepole bila kulimeza, akihesabu moyoni mpaka 100. Mwanzoni halina ladha. Mwishoni linaanza kuwa tamu kidogo. Utamu huo umetoka wapi, nanyi hamkutia sukari?

Jibu ni hili. Bugali, mchele, ndizi na viazi vina wanga mwingi. Wanga ni kama ushanga mrefu: vipande vingi vya sukari vimetungwa katika uzi mmoja. Ndani ya mate mna kitu kinachokata uzi huo. Kitu cha namna hiyo huitwa kimeng’enya. Uzi ukikatika, sukari huanza kuonjeka. Basi mtoto amezaye tonge bila kulitafuna amewanyima meno na mate kazi yao, naye amelitwika tumbo mzigo usio wake.

2. Umioni na tumboni

Ukimeza, kifuniko kidogo hufunga njia ya pumzi, tonge lishuke katika njia yake. Ukicheka au kusema huku unameza, kifuniko hakiwahi kufunga, nawe unapaliwa. Ndiyo maana wazee huwakataza watoto kupiga kelele wakati wa kula.

Tonge hushuka katika umio, wenye urefu wa sentimeta 25 hivi. Tonge halianguki kama jiwe kisimani. Kuta za umio hulikaza kwa nyuma na kulisukuma mbele. Kwa hiyo hata mtu aliyelala chini aweza kumeza.

Sasa tonge lafika tumboni. Tumbo hili, ambamo chakula hungoja, ni mfuko wenye kuta nene, nao waweza kupokea zaidi ya lita moja. Hukaa likikanda chakula kama mama akandavyo unga. Tena hutoa maji makali. Ukali wake mmeuonja siku mliyotapika, ulipowachoma kooni. Maji hayo huua vijidudu vingi vilivyomezwa pamoja na chakula, nayo huanza kuvunja nyama, samaki na maharagi.

Zamani watu wa elimu walibishana sana juu ya tumbo. Wengine walisema linasaga kama jiwe la kusagia. Wengine walisema chakula huoza tu humo. Mwaka 1752 Mfaransa mmoja, Réaumur, aliwaza njia ya kukata shauri. Alikuwa na mwewe. Mnajua kwamba mwewe hutapika asichoweza kuyeyusha. Réaumur alitia nyama ndani ya kibomba cha madini, akaziba miisho yake kwa wavu, akamlisha mwewe. Tumbo halikuweza kukisaga kibomba kile. Lakini mwewe alipokitapika, nyama ilikuwa imelainika na kupungua. Basi kulikuwa na maji yaliyoingia kupitia wavu na kuila nyama.

Padri mmoja wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliyekuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Pavia, aliendelea na kazi hiyo, akajifanya mwenyewe kuwa mwewe. Alishona vifuko vya kitambaa, akatia mkate ndani, akavimeza! Vilipotoka katika choo, vilikuwa vizima, lakini mkate haumo tena. Halafu alitwaa maji ya tumbo, akayatia pamoja na nyama katika vibomba vya kioo, akavibana kwapani ili vipate joto la mwili. Nyama iliyeyuka nje ya tumbo, bila kusagwa na bila kuoza. Aliyaandika hayo katika kitabu mwaka 1780. Ninyi msimwige kumeza vitambaa. Mwigeni katika jambo moja: alipotaka kujua, hakutosheka na maneno ya watu, alitazama kazi ya Mungu kwa macho yake.

3. Utumbo mwembamba

Chakula hukaa tumboni muda wa saa mbili mpaka nne au tano. Chakula chenye mafuta mengi hukawia zaidi. Halafu hutoka kidogo kidogo kama uji mzito, kikaingia katika utumbo mwembamba. Huitwa mwembamba kwa unene wake, maana kwa urefu wapita wote: kama mita 6.

Mwanzoni mwa utumbo huo wafika wasaidizi wawili. Wa kwanza ni ini, liletalo nyongo. Nyongo huyafanyia mafuta kazi ile sabuni inayofanya katika sahani yenye mafuta: huyakata yawe matone madogo sana. Wa pili ni kongosho, lililo nyuma ya tumbo. Maji yake yana vimeng’enya vya kuvunja wanga, mafuta na protini. Kuta za utumbo nazo zamaliza kazi.

Mwishoni tonge halijulikani tena. Wanga umekuwa sukari. Mafuta yamekuwa vipande vidogo. Na protini, ile sehemu ya nyama, samaki, maziwa na maharagi inayojenga mwili, imevunjwa ikawa kama matofali, moja moja. Mtu akinunua nyumba ya zamani ili ajenge mpya, haburuti ukuta mzima. Huondoa tofali moja moja, akayapeleka kwake, akayapanga kwa namna yake. Ndivyo mwili ufanyavyo. Haragi halikai mkononi mwako likiwa haragi. Matofali ya haragi yamejenga mkono.

4. Milango ya mwili

Sasa twafika mahali pa maana kuliko pote. Mgeni aingia nyumbani kwa njia gani?

Ukigusa ndani ya utumbo wa mbuzi aliyechinjwa, utaona si laini kama bomba. Ni kama kitambaa chenye manyoya mafupi. Utumbo wetu ni vivyo hivyo. Umejaa vidole vidogo sana, kila kimoja hakizidi milimita moja, na juu ya vidole hivyo mna vingine vidogo zaidi, visivyoonekana kwa macho. Kwa nini Mungu aliumba hivyo? Tazameni shuka. Likikunjwa laingia mfukoni. Likitandazwa lafunika kitanda. Kuta za utumbo mwembamba, kama zingetandazwa na vidole vyake vyote, zingefunika mita 30 za mraba hivi, yaani sakafu ya chumba chenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Milango mingi, basi, chakula kingi chaweza kuingia.

Ndani ya kila kidole mna vimishipa vya damu. Sukari na matofali ya protini hupenya ukuta na kuingia katika damu. Katikati ya kidole mna kimshipa kingine, kisicho cha damu, ambacho hupokea mafuta na kuyapeleka katika damu kwa njia ndefu zaidi. Vitamini na madini hupita pia. Lakini vitamini nyingine haziingii vema bila mafuta. Mfano ni ile iliyo katika majani mabichi, ambayo huyalinda macho. Mama anapotia mafuta ya mawese katika sombe, haongezi ladha tu. Mawese yenyewe yana rangi nyekundu ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo, tena yanaifungulia mlango ile iliyo katika majani.

Damu yenye sukari na matofali hufika kwanza kwenye ini. Ini ni kama mtunza ghala mwaminifu. Sehemu huipeleka mara moja mahali panapohitaji. Sehemu huiweka akiba kwa saa za usiku na za njaa. Toka hapo moyo huisukuma damu mpaka ubongo, mifupa, ngozi na ncha za vidole. Sasa tu tunaweza kusema: mgeni ameingia nyumbani.

Kilichobaki barazani, kama maganda na nyuzi za mboga, chaendelea mpaka utumbo mpana, wenye urefu wa mita moja na nusu. Humo maji yaliyobaki hurudishwa mwilini. Makapi hutoka kuwa choo, baada ya siku moja mpaka tatu tangu ulipokula.

5. Kushiba si kulishwa

Kama chakula hulisha kwa kile kinachopita mlangoni, basi tujiulize: tumepeleka nini mlangoni?

Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini kama gramu 2 tu. Gramu 100 za maharagi makavu zina gramu 20 na zaidi. Mtoto anayekula bugali wa muhogo na mchuzi mtupu asubuhi na jioni, tumbo lake hujaa. Hulala akiwa ameshiba. Lakini mlangoni yafika sukari nyingi na matofali machache. Nyumba haijengwi kwa kuni, hata zikiwa nyingi.

Mwajua mtoto wa namna hiyo aonekanavyo. Miguu na uso vyavimba. Nywele zawa nyepesi, zageuka nyekundu. Ngozi yabanduka. Hataki kucheza, hataki kula, analia kwa sauti ndogo. Katika Kivu ugonjwa huo twauita bwaki. Wasiojua husema: «Mtoto huyu amenona, tazama mashavu.» Siyo mafuta, ni maji. Wengine husema amerogwa, wakapoteza siku nyingi wakitafuta mchawi.

Mwaka 1933 mganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyetunza watoto katika Gold Coast, nchi inayoitwa Ghana leo, aliandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina ambalo akina mama wa huko waliutumia katika lugha yao ya Kiga: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wale walikuwa wameona sawasawa. Mdogo akizaliwa, mkubwa aachishwa ziwa. Jana alikuwa na maziwa. Leo anapewa bugali tu.

Sababu za bwaki zaidi ya moja: chakula cha namna moja, kuhara, surua na magonjwa mengine. Hospitali ya watoto ya Lwiro, karibu na Bukavu, imetunza watoto wa bwaki kwa miaka mingi. Mtoto akianza kuvimba miguu, apelekwe upesi kwa waganga. Nyumbani msimshindilie chakula kingi kwa huruma. Utumbo wake umedhoofika, na milango yake haiwezi kazi kubwa. Waganga humpa maziwa maalum, kidogo kidogo na mara nyingi.

Lakini heri kuzuia kuliko kuponya. Mtoto anyonye mpaka miaka miwili au zaidi, na tangu miezi sita aongezwe chakula laini. Katika uji wake watie unga wa ndakala au sambaza waliokaushwa, au karanga zilizotwangwa, au maharagi yaliyopondwa na kuondolewa maganda. Yai la kuku si la kuuza lote sokoni.

Na tuseme kweli. Katika nyumba nyingi samaki humwendea baba, mchuzi humwendea mtoto. Baba mwili wake umekwisha jengwa. Mtoto ndiye angali anajengwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba kiungo kimoja kikiumwa, viungo vyote vyaumwa pamoja nacho. Jamaa ni mwili mmoja. Ninyi mlio wakubwa kidogo, mnaoketi penye sahani moja na wadogo wenu, mwajua mkono ulio mwepesi kufika kwenye samaki. Mwacheni mdogo achukue kwanza.

6. Mlango ukiharibika

Chakula chaweza kuwa chema, na mlango ukawa mbovu.

Minyoo hukaa ndani ya bomba, barazani kabisa, ikamnyang’anya mgeni mzigo wake. Minyoo ya safura ni mibaya zaidi: huuma ukuta na kunyonya damu. Huingia kupitia ngozi ya miguu, mtoto akikanyaga bila viatu mahali palipochafuliwa kwa choo. Basi tumieni choo, vaeni viatu, nendeni kwa waganga mpewe dawa.

Maji machafu nayo huharibu. Mtoto anyweye maji machafu siku zote, vile vidole vya utumbo wake hufupika na kuvimba. Milango yapungua. Atakula kama wenzake, lakini hatakua kama wao. Mchemshe maji. Mnawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kwenda chooni.

Tena kuna kuhara na kipindupindu, ambacho sisi wa kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika twakijua. Hapo utumbo hutoa maji badala ya kuyapokea, na mtoto aweza kufa kwa kukauka, hata kwa saa chache. Lakini Mungu ameacha mlango mmoja wazi. Katika ukuta wa utumbo mna njia ambamo sukari na chumvi hupita pamoja, mkono kwa mkono, na maji huzifuata. Njia hiyo haifungwi na kipindupindu. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, mganga Dilip Mahalanabis alikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, nchini India. Dawa ya kutia mishipani ilimwishia. Akawapa wagonjwa maji yenye sukari na chumvi ya kunywa, na wengi waliokuwa karibu kufa wakapona.

Shikeni kipimo hiki kwa moyo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe, visijazwe kilima. Chumvi isizidi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, tena na tena, huku mkimpeleka kituo cha afya. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Tukumbuke

Chakula kilicho tumboni bado kiko barazani. Meno, mate, tumbo, nyongo na kongosho hukivunja. Utumbo mwembamba hukiingiza katika damu. Ili mwili ulishwe, vitu vitatu vyatakiwa: chakula cha namna nyingi, kutafuna vema, na utumbo wenye afya. Katika sala ya Baba Yetu twaomba mkate wa kila siku. Hatumwombi Mungu mkate wangu, twamwomba mkate wetu. Anayeomba hivyo na kumnyima mdogo wake samaki, ajiulize ameomba nini.

Maswali

1. Kwa nini twasema chakula kilicho tumboni ni kama mgeni aliye barazani?
2. Bugali uliotafunwa muda mrefu huwa tamu. Kwa nini?
3. Mwewe wa Réaumur na vifuko vya padri Spallanzani vilitufundisha nini?
4. Kazi ya nyongo ni nini? Na kongosho lafanya nini?
5. Twaeni kamba ya mita 6, mwitandaze katika kilasi. Halafu chorea utumbo mwembamba katika daftari lako, na vidole vyake.
6. Kwa nini yafaa kutia mafuta katika sombe?
7. Mtoto wa jirani ameshiba, lakini miguu yake imevimba na nywele zimekuwa nyekundu. Utamwambia mama yake nini?
8. Andika bila kutazama kitabu kipimo cha maji, sukari na chumvi. Ukifika nyumbani, wafundishe wazazi wako.